Picha ya marehemu imegeuka rangi ya chungwa. Ninunue printa gani, na wino upi?

MwanaPangani

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nisipoeleza kilichonikuta mtanishauri juu juu.

Nina studio ndogo hapa Pangani mjini, karibu na pantoni. Nimeirithi kwa baba. Yeye alikuwa akipeleka filamu Tanga kusafishwa, mimi natumia kamera ya dijitali na printa ya tenki ya rangi nne niliyouziwa na mtu miaka minne iliyopita. Kazi za kila siku ni pasipoti saizi, picha za wanafunzi wanaomaliza shule, za harusi saizi ya posta, na A4 za kuweka kwenye fremu. Hizo A4 ndizo zinazoniletea hela ya maana, na sasa ndizo zinazonikosesha usingizi.

Mwezi wa sita mwaka jana alivuka bibi mmoja wa Bweni pamoja na mwanawe. Walitaka picha ya mzee wao aliyefariki, ilikuwa kwenye simu ya kijana. Mzee kavaa kanzu na kofia ya viua, amekaa ubavuni mwa ngalawa, bahari iko nyuma yake. Nikaitengeneza, nikatoa nakala mbili za A4 saa ile ile, wino ule ule, karatasi ya boksi moja. Kijana akanunua fremu ya kioo, akaondoka na yake Tanga anakofanya kazi. Bibi naye yake akaibandika ukutani kwa selotepu, pembe zote nne, sebuleni, mkabala na dirisha la upande wa bahari.

Juzi karudi nayo kaikunja kwenye kanga. Uso wa mzee umekuwa wa chungwa. Kanzu ilikuwa na kivuli cha kijivu kwenye mikunjo, sasa ni pinki iliyopauka. Bahari haina bluu tena, imekuwa kahawia kama maji ya mto wakati wa masika. Nikaanza kubandua selotepu polepole, na chini yake bluu bado ipo, vile vile nilivyoichapa. Vipande vinne vya bahari, kila kimoja sawa na ukucha wa kidole gumba. Nikampigia kijana, nikamwomba anitumie picha ya nakala yake. Nzima kabisa, sioni tofauti yoyote.

Bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama inaweza kurudi, kwa sababu hana nyingine, na simu ya mwanawe ilishaingia maji. Kwa bahati faili ninalo kwenye eksteno, diski ya nje ya kompyuta. Nikamwambia nitamchapia tena bila malipo, lakini nikamwomba anipe muda. Siwezi kumpa picha nyingine itakayomfia tena mikononi.

Nimedunduliza, nina milioni moja na laki nne. Maswali yangu:

Ninunue printa ya rangi sita, au zile ndogo za picha zisizotumia wino wa maji, au nijibane zaidi nipate ya pigmenti? Nikipata mpya, niendelee na wino wa chupa za lita ninaoagiza Dar, au lazima uwe wa kampuni? Chupa zangu zimeandikwa tu kuwa zinafaa printa za tenki, aina ya wino haikutajwa. Na karatasi ina mchango gani katika haya?

Natanguliza shukrani.

Jembe_Kazini

Dada chukua leza ya rangi, wino wake ni unga, haufutiki kwa maji wala haugandi. Nina yangu ofisini mwaka wa tano huu.

FundiHedi

Jembe, leza ni nzuri kwa barua na vipeperushi. Kwenye uso wa mtu utaona madoa madoa ya rangi na mng'ao usio sawa, na karatasi nyingi za picha zina tabaka la plastiki linaloweza kuyeyuka kwenye roli la moto la leza na kuua mashine. Mpigapicha asiende huko.

Binti, hujambo. Mimi ni fundi wa printa hapa Dar tangu 2009, na kabla ya hapo nilikuwa kwenye maabara ya kusafisha filamu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Hizo pembe nne ulizobandua zimeshajibu nusu ya maswali yako.

Lingekuwa ni jua peke yake, selotepu isingeokoa kitu, kwa sababu mwanga unapita ndani yake. Selotepu ilichozuia ni hewa. Hewani mna gesi inaitwa ozoni, ni kidogo mno, bibi haimsumbui, lakini inaila rangi ya wino, na mara nyingi inayoanza kuliwa ni samawati. Samawati ikiondoka inabaki majenta, ule wekundu wa waridi, na njano, na hizo mbili zikikutana zinaelekea chungwa. Dirisha la baharini linaiingizia picha hewa mpya mchana kutwa. Nakala ya Tanga ipo nyuma ya kioo, hewa haizunguki pale. Hili liliwahi kutikisa hata wakubwa. Mwaka 2000 ilitoka printa ya picha iliyosifiwa sana kwa kudumu, watu wakachapa, na katika baadhi ya nyumba picha zikageuka chungwa ndani ya wiki chache. Walipochunguza wakakuta ni ozoni inayopenya kwenye matundu ya karatasi.

Sasa wino. Pangani mnasuka mikeka, kwa hiyo utanielewa upesi. Wino wa dayi, ule ambao chupani huandikwa Dye, ni kama rangi ya ukili. Inayeyuka kabisa kwenye maji, inazama ndani ya karatasi, inatoa nyekundu kali na weusi wenye kina kwenye karatasi ya glosi, ile inayong'aa. Lakini unajua mwenyewe mkeka ulioachwa uani unavyopauka. Pigmenti ni kama chokaa. Ni chembe ngumu zilizosagwa laini mno, haziyeyuki, zinaelea tu majini, na zikikauka zinakaa juu ya karatasi kama chokaa ukutani. Kila chembe ina tabaka kwa tabaka la rangi, kwa hiyo hewa na mwanga vikila la juu, ya ndani bado ipo. Maji yakiimwagikia haitiririki.

Utasema basi pigmenti moja kwa moja. Ngoja. Ukiinamisha picha ya glosi iliyochapwa kwa pigmenti, sehemu yenye wino mwingi na sehemu nyeupe haziwaki sawasawa, na kwenye weusi unaweza kuona wekundu wa shaba. Chembe zinatuama chini ya tenki printa ikikaa bila kazi, na hedi, kile kichwa kinachorusha wino, inaziba haraka. Halafu bei. Printa za picha za pigmenti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Epson SureColor P700 au Canon PRO-300, zina katriji kumi kila moja, ya kwanza mililita 25 kwa katriji, ya pili mililita 14.4. Linganisha na chupa ya mililita 70 ya printa ya tenki. Kwa pasipoti za wanafunzi wa Pangani hiyo ni hasara tupu, na hela uliyonayo haifiki.

Kwa hela yako na kazi yako, printa ni ya tenki, rangi sita, dayi. Epson L8050 ni A4, L18050 ni kubwa zaidi ya A3. Ukipata L805 iliyotumika vizuri nayo ni mashine ya kuaminika, wino wake ni 673. Canon wana G640, sita pia, ila badala ya samawati hafifu na majenta hafifu wao wameweka nyekundu na kijivu. Uzuri wa hizo rangi za ziada utauona kwenye kanzu. Printa ya rangi nne ikitaka kutoa kivuli chepesi kwenye kitambaa cheupe inatawanya vidoto vikali, ukisogeza jicho unaviona kama mchanga. Ya rangi sita inatumia samawati hafifu, kivuli kinatoka laini. Vile vile kwenye paji la uso na shavuni, pale mwanga unapoangukia ngozi yetu nyeusi na kuanza kuteleza kwenda gizani. Hapo ndipo mteja anapojua picha nzuri na mbaya, hata kama hajui kuieleza.

Tahadhari na printa za tenki za ofisi zenye nyeusi ya pigmenti na rangi tatu za dayi. Ukiweka karatasi ya glosi nyeusi yake haitumiki, inachanganya rangi tatu ili ipate weusi, na nywele zinatoka kahawia au kijani.

Wino wa lita: kama chupa haisemi ni wino gani, usiutie kwenye printa mpya. Nimefungua hedi nyingi mno hapa mezani kwangu. Wino wa kampuni ya printa umetengenezwa pamoja na hedi yake na karatasi yake, na majaribio ya kudumu ambayo makampuni yanatangaza yamefanywa kwa wino na karatasi hizo hizo, mara nyingi picha ikiwa nyuma ya kioo. Ukibadilisha kimoja, ile miaka iliyoandikwa kwenye boksi haikuhusu tena. Na rangi nazo zinahama. Utalazimika kutengenezewa profaili mpya ya rangi, yaani faili linaloielekeza printa itupie kila rangi kiasi gani, kwa wino huo na karatasi hiyo, la sivyo nyuso zote zitaelekea kijani au wekundu.

Karatasi: geuza mgongo wake. Zile za bei ya chini mgongo ni karatasi tupu, ukiigusa kwa kidole kilicholowa inanyonya. Nzuri zina tabaka la plastiki pande zote mbili, mgongo unateleza, zinaitwa RC, mara nyingi gramu 230 hadi 260. Zote za kukauka papo hapo zina matundu madogo sana usoni, ndiyo maana zinakauka haraka, na ndiyo hayo hayo matundu yanayopitisha ozoni. Kwa hiyo A4 yoyote inayokwenda ukutani Pangani iwe nyuma ya kioo au ipigwe laminesheni. Iache ikauke siku nzima kabla ya kuifungia, vinginevyo kioo kitatoka ukungu kwa ndani.

MvitaPicha

Dada, pole sana, nimeisoma nikahisi uchungu. Nakuandikia kutoka Mombasa. Mimi hupiga picha kwenye harusi, na wikendi huwa Mama Ngina pale watu wanapokuja kupunga upepo. Umeuliza kuhusu zile ndogo zisizo na wino wa maji, nami ndizo ninazotumia.

Yangu ni Canon Selphy. Ndani hakuna wino wa chupa, kuna utepe wenye rangi tatu na tabaka la mwisho la plastiki isiyo na rangi. Picha huingia na kutoka mara nne mbele ya macho ya mteja, kwanza njano, kisha majenta, kisha samawati, kisha ule ulinzi. Bibi harusi hushika picha saa hiyo hiyo na mikono yenye hina na jasho, haifutiki. Kwa sababu ya lile tabaka la juu, hewa ya bahari haiigusi ovyo. Nina picha kwenye friji nyumbani Kisauni mwaka wa nne sasa, haijapikwa na upepo.

Raha nyingine ni hesabu. Boksi la karatasi 108 huja na utepe wake wa picha 108, si zaidi si pungufu. Nikipokea kazi ya harusi najua gharama kabla sijatoka nyumbani. Stima ikipotea, ina betri ya kununua kando. Haizibi hata nikiiweka mwezi mzima.

Lakini mwisho wake ni saizi ya posta. A4 ya yule mzee haitatoka humo. Na ukichapa pasipoti moja tu kwenye karatasi nzima, utepe umekwisha kwa karatasi ile, haurudi nyuma. Mimi hupanga pasipoti nane kwa karatasi moja. Pia mchanga ni adui. Chembe moja ikikaa kwenye karatasi huacha doti jeupe usoni mwa mtu, kwa hiyo trei yake naifunika kwa kitambaa hata nikiwa barazani.

Kama wapata harusi nyingi, iwe ya pili baada ya kubwa.

Mnyalukolo_Mbeya

Mkuu, ongeza hili kabla hujatuma hela kwa mtu wa wino. Mwaka juzi niliagiza chupa sita za wino wa picha kwa simu. Zikaja, nikajaza, nikachapa. Picha zikatoka zimefifia, nyeusi ni kijivu cha majivu, nyekundu kama matofali. Nikasafisha hedi mara sita, nikamaliza karibu robo ya tenki kwa kusafisha tu. Nikaamini printa imekufa.

Aliyeniokoa ni jamaa anayechapa vikombe na tisheti. Alichukua karatasi yangu, akaifunga kwenye kikombe cheupe, akakiingiza kwenye mashine yake ya joto. Kikombe kikatoka kinawaka rangi kama ua. Kumbe nimeuziwa wino wa sablimesheni. Ule kwenye karatasi unaonekana umepauka hadi upate joto, kwenye nyuzi 180 hadi 200 hivi, ndipo unageuka mvuke na kuingia kwenye plastiki ya kikombe au kitambaa cha poliesta. Kwenye karatasi ya picha haufai.

Hizo printa za utepe za kaka wa Mombasa nazo huitwa za sablimesheni, lakini usichanganye, ni vitu viwili. Muuzaji wangu alichanganya, au alijua akaninyamazia. Kutoa wino wote kwenye mirija na kuosha ilinichukua siku mbili na wino mpya wa kutosha.

MwanaPangani

Fundi, shikamoo, na asanteni nyote. Nimeenda kuangalia karatasi zangu. Nimelowesha kidole, nimeweka mgongoni, zimenyonya. Miaka minne nimechapa nyuso za watu kwenye karatasi hizo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kuna mtu hapa mjini ananiambia ninunue L8050 halafu nitie pigmenti ya chupa humo, nipate uimara kwa bei ya tenki. Inawezekana? Na la pili, umeme wetu unakatika mara kwa mara, wakati mwingine katikati ya picha. Printa ya sasa iliziba mara mbili kwa sababu hiyo.

Halafu jambo lenyewe lililonileta. Ile A4 ya bibi nifanyeje? Nikinunua hiyo ya dayi, nikamwekea kioo, inatosha? Nataka nimwambie ukweli nikimkabidhi.

FundiHedi

Marahaba binti.

Kutia pigmenti kwenye printa ya dayi: wapo wanaofanya, na mwanzoni inachapa. Usifanye. Printa inaendelea kudhani ina dayi, inatupia kiasi cha wino kinacholingana na dayi, kwa hiyo utahitaji profaili nyingine kabisa. Kwenye glosi utapata ule wekundu wa shaba. Ukikaa wiki mbili bila oda, chembe zimetuama na hedi imeziba, na hedi ya Epson hubadilishi mwenyewe mezani. Dhamana nayo ndiyo basi. Na usije ukaongeza wino wa aina moja juu ya mabaki ya aina nyingine. Huo mchanganyiko unaweza kuganda ndani ya mirija kama maziwa yaliyokatika.

Umeme: printa ikizimwa kwa kitufe chake, hedi inarudi kulala upande wa kulia na kufunikwa na kifuniko cha mpira kinachoihifadhi isikauke. Umeme ukikatika katikati ya picha hedi inabaki uchi pale pale ilipofika. Kwa hiyo nunua kwanza UPS ndogo, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, hata kabla ya karatasi. Printa ya wino inakula umeme kidogo, UPS ya kompyuta moja inakupa muda wa kumaliza picha na kuizima. Usiizime kamwe kwa swichi ya ukutani. Kila siku tatu nne chapa kitu chenye rangi zote sita, pasipoti moja inatosha. Tenki isishuke chini ya mstari, hewa ikiingia kwenye mirija ni kazi nyingine. Na kila unaposafisha hedi, wino unakwenda kwenye sponji ya kupokea wino uliotupwa. Siku ikijaa mashine itagoma. Utaambiwa uiriseti kwa programu, lakini sponji yenyewe lazima itolewe na ibadilishwe, usipofanya hivyo utaukuta wino mezani.

Picha ya bibi. Dayi ya kampuni, karatasi ya RC, kioo, ukuta usiopigwa na jua, hiyo ni picha ya kuachia wajukuu. Lakini nawe umeniambia yeye ni mtu wa selotepu na dirisha wazi, na siku moja fremu itaanguka au itafunguliwa kufutwa vumbi. Hii moja mchapie kwa pigmenti, na bado uiweke nyuma ya kioo. Huhitaji kununua mashine yake. Nitumie faili, nina rafiki mwenye P700, anachapa kwa oda. Kwa karatasi chagua satini, yenye kung'aa kidogo tu, ule mng'ao usio sawa hauonekani sana hapo.

Usinichukulie kwa maneno lakini. Nitakuchapia faili hilo hilo kwa dayi ya kampuni na kwa pigmenti, vipande vya ukubwa wa posta, nikutumie kwa basi. Nawe chapa kimoja kwa wino wako wa lita. Kata kila kimoja katikati. Nusu weka ndani ya kitabu kabatini, nusu bandika dirishani upande wa bahari, na kama una feni ielekeze hapo. Hewa inayotembea inaharakisha. Kila Jumapili zitoe uzilinganishe, mchana, nje kivulini, usitumie taa ya ndani.

MwanaPangani

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki tano.

Bahasha ya fundi ilifika Tanga, ikaja na basi la asubuhi. Nilibandika nusu tatu dirishani, moja ya wino wa lita, moja ya dayi ya kampuni, moja ya pigmenti. Hazikuwa na kioo. Feni ilikuwa inawaka kila umeme ulipokuwepo.

Jumapili ya kwanza sikuona kitu. Ya pili nikadhani macho yananidanganya, nikamwita mdogo wangu bila kumwambia lolote, nikamwonyesha nusu mbili za wino wa lita. Akanyoosha kidole kwenye ya dirishani akasema huyu mzee ana homa. Ya tano haihitaji tena kumwita mtu. Bahari imeshaanza kuwa kahawia. Dayi ya kampuni, nikiiweka pembeni ya nusu yake ya kabatini, anga limepungua kidogo sana, na asiyeambiwa hataona. Pigmenti nimeigeuza huku na huku, sijapata tofauti.

Nimechukua L8050, UPS, karatasi za RC pakiti tatu, na wino wa ziada wa kampuni. Hela imebaki elfu arobaini na kitu. Chupa za lita nimezifunga kwenye mfuko, ile printa ya zamani itachapa fomu na barua tu. Nimepandisha A4 kwa shilingi elfu mbili na fremu ya kioo iko ndani ya bei, sitoi tena A4 ya ukutani bila kioo. Wawili wameondoka kwa sababu hiyo, wengine nimewaonyesha zile nusu za dirishani wakalipa bila kuuliza tena.

Ya bibi ilikuja kutoka Dar imelala kati ya kadibodi mbili. Satini, pigmenti. Mikunjo ya kanzu inaonekana mmoja mmoja, na kwenye kofia unaweza kuhesabu matundu ya viua. Niliiacha mezani siku mbili, nikaifungia kioo, nikavuka na pantoni Jumamosi asubuhi nikiwa na nyundo na msumari mfukoni. Nilimwomba bibi ruhusa tuihamishe kutoka mkabala na dirisha. Tukaipandisha ukuta wa ndani, juu ya redio. Nikamweleza kwamba hii itachukua miaka mingi lakini nayo si jiwe, na kwamba faili lipo kwangu na nakala nyingine ya faili nimempa mwanawe kwenye flashi.

Alivuta kiti akakaa mbele yake. Akaniuliza kama ile bluu nyuma ya ngalawa ni bahari ya hapa au ya Kipumbwi. Sikujua. Akaniambia ni ya hapa, kwa sababu anauona mkoko.

Kaka wa Mombasa, nikishadunduliza tena ninaifuata hiyo ya utepe. Fundi, zile nusu nimeziacha pale pale dirishani. Kusi likianza nitaleta majibu.